Vali za Pikipiki ya Dresa

Hakuna kitu kilichowahi kuniudhi kama kutoa pesa mfukoni ili niambiwe kwamba sina tatizo. Mtu akinitoza kwa kuziba pancha nitanung'unikia bei, lakini nitalipa, maana tundu nililiona kwa macho yangu. Kupima vali si hivyo. Unampelekea fundi pikipiki nzima, inawaka, inakwenda. Anaifungua, anachungulia, anaifunga, anakurudishia vile vile ilivyokuja, kisha ananyoosha mkono. Ukimuuliza amefanya nini, anakujibu, "Nimeangalia."

Wakati huo nilikuwa dresa, mtu wa kufunga vidonda na kupiga sindano, katika zahanati ndogo ya serikali ya wenyeji upande wa Ulemo. Mwingereza alikuwa bado anatawala. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, na pikipiki za jeshi zilizochoka zilikuwa zikigawiwa huku na huko maofisini. Mimi nikapata moja. Niliringa nayo, sitaficha. Katika eneo letu lote zilikuwa mbili tu, yangu na ya karani wa kodi, za aina moja na rangi moja ya majani makavu. Ukiziegesha pamoja usingejua ipi ni ya dawa na ipi ni ya kodi.

Kila Alhamisi nilishuka mteremko wa Sekenke mpaka Shelui, na njiani nilikuwa na vituo vinne vya kutibu watu. Kituo cha tatu, chini kabisa ya mteremko, kilikuwa mlangoni kwa dada yangu. Huyo ndiye aliyenilea mama alipofariki. Mguuni, juu kidogo ya kifundo, alikuwa na kidonda kilichoanza kwa mwiba wakati wa palizi, kikala, kikazidi kula, mpaka kikawa kile ambacho watu wanakiita donda ndugu. Daktari wa hospitali alinieleza bila kuzunguka: akipigwa sindano na kufungwa upya kila wiki, mguu utapona. Akikosa wiki kadhaa mfululizo, usaha utaingia kwenye mfupa, na hapo hakuna tena dawa ila msumeno. Kwa hiyo serikali ilidhani nateremka Sekenke kwa ajili yake. Mimi nilikuwa nateremka kwa ajili ya mguu ule, na wengine wakapata tiba humo humo.

Fundi wa kuaminika alikuwa mmoja, Singida mjini. Alikuwa Mnyaturu wa Unyambwa, mtu mzima, aliyejifunza kazi hiyo jeshini huko Burma akitengeneza pikipiki za askari wa kupeleka barua. Alirudi na medali moja, kikohozi, na sheria yake: kila maili elfu moja, vali zipimwe. Alinieleza mara ya kwanza kwa subira, akichora chini kwa kijiti. Ndani ya injini mna milango miwili midogo, mmoja wa kuingiza mafuta na hewa, mwingine wa kutolea moshi, na hiyo ndiyo vali. Kati ya mlango na chuma kinachousukuma lazima ibaki nafasi ndogo, haifiki hata unene wa ukucha. Nafasi hiyo ikipungua, mlango haufungi sawasawa na utaungua. Ikizidi, vyuma vinagongana, na kila kinapogonga kinalegeza kingine.

Mpaka hapo nilielewa. Kilichonishinda ni kwamba injini lazima ipoe kabisa. "Chuma chenye moto kimetanuka," aliniambia. "Ukikipima sasa kitakudanganya." Kwa hiyo hata ukifika gereji saa tatu asubuhi umeshachelewa, kwa sababu umefika na injini ya moto. Unaiacha ilale, na wewe ukatafute pa kulala. Kesho yake kabla jua halijapanda anatoa bapa lake la chuma, jembamba kama wembe, analipitisha mara mbili pale kwenye nafasi, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Siku mbili za kazi zimekwenda, na mavumbi ya kutoka Ulemo hadi Singida na kurudi umeyameza yote, kwa jambo la dakika kumi.

Niliandika barua ofisini kuomba walipie. Jibu lilikuja limepigwa taipu vizuri: ofisi hulipia kilichoharibika, kilicho kizima hakina fungu. Niliisoma mara tatu nikitafuta mahali pa kukasirikia nisipapate, maana kwa kweli hata mimi niliona hivyo hivyo. Nikawa nalipa kwa mshahara wangu.

Mara ya pili nilipokwenda, fundi alipomaliza nilimuuliza, "Vipi?"

"Sawa."

"Zote mbili?"

"Zote."

"Kwa hiyo, fundi, sikuwa na haja ya kuja."

Alijifuta mikono kwenye tambara lililokuwa chafu kuliko mikono yenyewe. "Ungejuaje?" akasema.

Swali hilo liliniudhi njia nzima. Akaniongezea na methali, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilitamani kumwambia kwamba aliyetunga methali hiyo alikuwa na ufa unaoonekana, hakuwa anabomoa ukuta kila miezi miwili ili atazame kama ndani una ufa. Lakini alikuwa amenizidi umri, nikamuaga nikaondoka. Kinachonitia aibu leo ni kwamba mimi mwenyewe, kila Alhamisi, nilikuwa nawahubiria watu wachimbe vyoo na kuchemsha maji ya kunywa. Walinijibu kwa heshima kwamba hakuna anayeumwa tumbo, na mimi nikawaona wana vichwa vigumu.

Mara ya tatu sikwenda. Maili elfu zilipotimia nilijiambia kazi ni nyingi. Zilipotimia elfu nyingine sikujiambia kitu.

Pikipiki ikaanza kugonga. Mwanzoni ilikuwa ka-ka-ka ya mbali, kama mtu anayepasua karanga nyumba ya pili. Baadaye ilisikika waziwazi. Ningepaswa kuogopa. Badala yake mlio ule uliniletea neema, na ili hilo lieleweke sharti nimrudie karani wa kodi.

Karani huyo alishuka mteremko ule ule, siku yoyote aliyotaka, tarishi wake akiwa amepakiwa nyuma. Mwanamume asiye na risiti alikamatwa. Ikiwa hayupo, mbuzi wake walichukuliwa badala yake. Watu walijifunza upesi: pikipiki ikilia juu ya mteremko, huku chini wanaume wanaingia porini na wanawake wanaswaga mbuzi korongoni. Sasa na mimi nilikuwa na pikipiki kama hiyo. Alhamisi nyingi nilifika kituoni nikakuta kuku na majivu ya moto, nikakaa nusu saa nikiita watu kwa sauti mpaka watoke vichakani mmoja mmoja. Nilijaribu kupiga honi kama ishara. Karani alipopata habari, naye akaanza kupiga honi kama yangu. Nilimchukia mtu yule, ingawa tulipokutana tulisalimiana vizuri na kuulizana habari za nyumbani.

Ila kugonga hakuweza kuniiga. Pikipiki yake ilikuwa inaleta kodi, kwa hiyo ofisi iliilea kama mtoto, haikukosa gereji, nayo mngurumo wake ulikuwa laini kama maji. Yangu iligonga. Baada ya wiki chache mteremko wote ulikuwa unajua: inayogonga ni ya dawa, isiyogonga ni ya kodi. Nilipofika vituoni nilikuta watu wamejipanga, vidonda vimefunguliwa, watoto wameshaanza kulia kabla hawajaiona sindano.

Dada alifurahi kuliko wote. Mumewe alikuwa amekwenda kutafuta kazi kwenye mkonge na hajarudi, kodi yake haijalipwa, na mbuzi sita waliokuwa zizini ndio waliokuwa mali yao yote. Kila pikipiki ilikuwa inamkimbiza. "Sasa nakusikia toka uko juu kule," aliniambia. "Nabandika maji ya kuoshea kidonda, yakichemka na wewe umefika." Nilifungua bendeji nikaona nyama nyekundu, safi, kingo zinavutana. Wiki ile kidonda kilikuwa na ukubwa wa kiganja changu. Mwezi mmoja baadaye ningeweza kukifunika kwa vidole vitatu. Nilipanda Sekenke nikiimba, na nikawaza kwamba nikikutana na fundi nitamweleza faida ya kutopima vali.

Pikipiki ilikufa Alhamisi moja mchana, nikirudi kutoka Shelui, katikati ya mpando. Iligonga kwa nguvu mara moja, ikakohoa, ikazima. Nilipoipiga teke kuiwasha, kilisikika chuma kinachokwaruza chuma. Nikakaa juu ya jiwe na jua la Sekenke likinichoma utosi, mpaka lori la pamba lililotoka upande wa Nzega likanionea huruma. Tuliipandisha juu ya marobota. Dereva alitaka kujua imekuwaje. Nilimwambia sijui, nami nilikuwa najua.

Fundi aliifungua mbele yangu. Akanionyesha nati ndogo, kama punje ya hindi. "Hii ilianza kulegea zamani," alisema. "Imetoka yenyewe. Fito ya kusukuma vali imepinda, vali imegongwa kichwa. Ungekuja, ningeikaza."

"Ni kazi kubwa kuikaza?"

"Spana mzunguko mmoja, dresa."

Vyuma vipya vilikuwa havipo Singida wala Dodoma, viliagizwa Dar es Salaam. Ofisi ililipa yote bila kuuliza hata swali moja, kwa sababu sasa kilikuwa kimeharibika. Nilisubiri wiki saba.

Wiki saba zile sitaki hata kuzikumbuka. Nilimpelekea dada ujumbe apande lori aje akae kwangu Ulemo. Akajibu, nani atabaki na mbuzi? Nilimtumia bendeji na dawa ya kuoshea kwa madereva, lakini sindano haitumwi. Mara moja nilidandia lori nikamfuata. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka, nikakisafisha, nikampiga sindano, kisha nikakwama Shelui siku tatu nikingoja lori la kurudi. Zahanatini nilikuta watu wamelala barazani wakinisubiri, na barua ya kunionya kwa kuacha kazi bila ruhusa. Nikaomba ruhusa ya kwenda tena. Nikanyimwa.

Siku niliyoitwa kuichukua pikipiki, fundi aliiwasha akaniangalia usoni.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo inavyotakiwa."

Nilimshukuru kwa moyo wote. Nilipitia zahanatini kuchukua dawa tu. Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo si ya ziara, lakini sikuweza kungoja Alhamisi. Sijawahi kuendesha pikipiki tamu kama ile. Nilianza kuteremka Sekenke nikiwa na sanduku la dawa nyuma, na nilichosikia ni upepo na mawe yanayoruka chini ya gurudumu. Nilijiona mjinga kwa kubishana na fundi mwaka mzima.

Kituo cha kwanza hapakuwa na mtu. Nikasema, ni kweli, leo Jumatatu. Cha pili milango ilikuwa wazi na moshi unatoka jikoni, na nilipogeuza kichwa niliona mgongo wa mwanamume ukipotea kwenye miti ya miiba. Hapo ndipo nilipoelewa: haigongi. Nikaanza kupiga kelele huku naendesha, "Ni mimi, ni dresa," lakini sauti ya mtu juu ya pikipiki haifiki popote. Nikapiga honi. Nilikuwa nimesahau kwamba honi ni ya karani pia, na kwa kila honi niliyopiga nilizidi kuwatawanya watu.

Kwa dada chungu kilikuwa motoni, ugali nusu umesongwa, mwiko umesimama ndani yake. Zizi lilikuwa wazi. Nikafuata nyayo: kwato za mbuzi, mguu mmoja uliokanyaga, na mstari pale mguu wa pili ulipoburutwa. Bendeji niliikuta imenaswa kwenye mwiba. Yeye nilimkuta mbele zaidi, ndani ya korongo, amepiga magoti kwenye mchanga, mbuzi wamemzunguka, na beberu amemkumbatia na kumfumba mdomo kwa mikono miwili asilie.

"Shikamoo dada," nikamwambia. "Ni mimi."

Alinitazama, halafu akatazama nyuma yangu, akimtafuta tarishi. "Pikipiki ni ya nani?"

"Yangu. Imetengenezwa."

Akamwachia beberu mdomo. Alihema kwa muda, jasho linamtoka. "Tulisikia kuwa yako imekufa," alisema. "Hii nimeisikia inakuja bila kugonga, nikajua ni yule."

Kidonda sikuweza kukitazama mara moja, mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kutazama vidonda. Kilikuwa kimepasuka mpaka kwenye ugoko, kimejaa mchanga, miiba na samadi ya mbuzi. Nilimbeba mpaka nyumbani, nikaosha, nikachomoa, nikapiga sindano, na muda wote nilikuwa na hasira iliyokosa pa kwenda. Nilimkasirikia fundi, naye alikuwa ametengeneza vizuri. Nilimkasirikia karani na ofisi iliyomtuma, nao siku ile hawakuwa hata karibu. Kila nilipomtafuta mkosaji nilirudi kwenye ile nati, na kwenye nati nilijikuta mimi.

"Ukija tena," dada aliniambia wakati nafunga, "zima kule kwenye mawe, uje unasukuma. Nikikuona unatembea sitakimbia."

Ningeweza kuilegeza tena ili igonge. Jioni ile nilishika spana kabisa, nikaiweka chini. Nilishaona mwisho wa kugonga. Kwa hiyo wiki tatu zilizofuata mwenye pikipiki nzuri kuliko zote wilayani Iramba aliizima injini kwenye mawe chini ya mteremko, akaisukuma kwa mikono zaidi ya nusu maili kwenye mchanga, huku jasho linamtiririka. Mzee mmoja aliyekuwa akipeleka ng'ombe kunywa maji alinikuta njiani, nikamwamkia, akauliza kama imeharibika. Nilimwambia ni nzima kabisa. Akaiangalia pikipiki, akanitakia safari njema.

Wiki ya nne nilipofungua bendeji niliona mfupa, na mfupa haukuwa mweupe. Nilimpakia dada kwenye lori mimi mwenyewe. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini haisemi ni guu la nani. Hospitali walikata chini ya goti. Alipozinduka aliuliza habari za mbuzi.

Watu wamewahi kuniuliza, hasa vijana waliokuja kupewa pikipiki za serikali baada yangu, kama ni kweli kupima vali kuna faida au ni njia ya mafundi kula pesa za watu. Huwa nawajibu waende, walipe, walale huko Singida na waambiwe "sawa". Wananiangalia kama mzee anayependa kuamrisha. Siwalaumu, maana hakuna ninachoweza kuwaonyesha. Vali iliyopimwa haina ushahidi wowote, na ndiyo maana mpaka leo naichukia kazi ile, hata baada ya kuifanya kila maili elfu bila kuruka mpaka nilipostaafu.

Dada alirudi kwake na magongo mawili. Alhamisi ya kwanza nilipomtembelea sikuizima pikipiki kwenye mawe. Nilikwenda nayo mpaka mlangoni, injini haigongi, kama alivyoiacha fundi. Majirani walikuwa wamekimbia wote, na mbuzi wake walikuwa zizini. Yeye alikuwa amekaa kizingitini, magongo yamelala pembeni, ameikazia macho njia, akingoja kuona kama ni mimi au ni karani.